Nyumba ya Kuku: Hewa Yake na Usafi Wake



Leo twataka kusema nanyi habari ya nyumba ya kuku. Huenda mwingine atasema, "Jambo dogo hili, nani asiyejua kuwajengea kuku?" Nasi twajibu kwamba sisi wenyewe tulidhani twajua, tukapoteza kuku tisa katika majira moja ya baridi, wala si kwa mwewe wala kwa kicheche, bali kwa kazi ya mikono yetu. Katika nyumba nyingi za milimani kuku ndio akiba ya mama: mayai huuzwa, yakaleta chumvi na madaftari ya watoto, na mgeni akija jioni hupokewa kwa jogoo. Kuku wakifa kwa sababu iwezayo kuepukwa, hasara huonekana mezani na shuleni pia.

Sisi twakaa katika milima ya Usambara. Wenye kuujua mji wa Lushoto wajua kwamba tangu Juni hata Agosti kuna baridi na ukungu, na watu hukaa karibu na jiko. Basi tulipojenga banda letu la kwanza tulikuwa na wazo moja tu, yaani kuwafunika kuku baridi isiwapate. Tukakandika udongo kuta zote nne mpaka juu. Nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa tukaiziba kwa majani makavu ya migomba. Mlango tukaufanya mdogo, mtu aingie kwa kutambaa, na usiku tukautundikia gunia. Kuku 23 wakalala humo, nasi tukajisifu.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi tulipofungua mlango, harufu kali ilitoka ikatuchoma macho. Mabati yalidondosha maji kwa ndani, ingawa usiku ule mvua haikunyesha. Kuku wakatoka wakikoroma, wengine macho yamefumba. Tukadhani ni baridi, tukaongeza gunia la pili. Wakafa wawili, kisha wanne, hata wakatimia tisa. Ndipo bibi mmoja jirani, aliyekuja kurudisha ungo, akachungulia ndani ya banda, akakitoa kichwa upesi, akasema, "Wanangu, laleni humu ninyi usiku mmoja tu, kisha mniambie kama ni baridi."

Maneno yale yalituaibisha, lakini yalitufundisha.

Na tuanze na mwili wa kuku mwenyewe, maana mtu asipoujua atajenga kama tulivyojenga sisi. Joto la kuku mzima ni kama digrii 41, nalo lapita la binadamu. Usiku hujikunyata, akafunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo, akatia kichwa chini ya bawa. Akiwa mkavu na ameshiba, baridi ya Lushoto haimwui. Lakini angalia neno hili, mkavu. Kinachomtia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Manyoya yakilowa, hewa ile hutoweka, naye huwa kama mtu aliyelala katika blanketi lililonyeshewa.

Tena kuku hatoki jasho, wala hakojoi peke yake kama ng'ombe akojoavyo. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita ya maji kwa siku, na maji hayo hutoka kwa pumzi, kwa kinyesi na ndani ya yai. Kinyesi kibichi ni maji kwa robo tatu hivi. Kuku mkubwa alishwaye vizuri hutoa gramu 100 hadi 150 kila siku. Ukiwa nao 20, ni kilo mbili hata tatu kwa siku, na sehemu kubwa huanguka usiku mahali pamoja, chini ya miti wanayolalia. Kuku wetu wa kienyeji ni wadogo, hawafikishi hesabu hiyo. Hata hivyo unyevu wao ni mwingi kuliko mtu adhaniavyo. Je, uende wapi? Hewa yenye joto hupanda juu ikiuchukua unyevu huo. Ikikuta nafasi hutoka. Isipokuta, hugusa bati lililopoa, nayo hugeuka maji yakadondoka juu ya migongo ya kuku. Ndiyo mvua tuliyoiona ndani ya banda letu.

Na ile harufu ya kuchoma macho ni hewa iitwayo amonia. Hutokea kinyesi kinapooza katika unyevu, maana vijidudu vikioza kinyesi ndivyo viitoavyo. Katika kinyesi kikavu kazi yao hupungua sana. Ndani ya koo la kuku kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma nje mavumbi na vijidudu, kama mtu afagiavyo ukumbi. Amonia ikikaa siku nyingi huviharibu vinyweleo hivyo, na ugonjwa wo wote wa kifua ukifika hukuta mlango hauna bawabu. Wataalamu wa kuku hushauri amonia isizidi sehemu 25 katika sehemu 1,000,000 za hewa. Msiogope hesabu hiyo, hamhitaji chombo. Mtu aliyetoka kwenye hewa safi akisikia pua inachoma, amekwisha pata jibu. Lakini asikae ndani kwanza, kwa sababu pua huizoea harufu upesi, na mwenye banda huwa wa mwisho kuisikia. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Jirani alisikia kwa mara moja harufu ambayo sisi tulikwisha kuizoea.

Twajua swali litakalofuata: je, mahali penye baridi nyumba yaweza kuachwa wazi? Jambo hili lilijaribiwa zamani mahali penye baridi kupita kwetu. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, ambako wakati wa baridi theluji hufunika nchi, wako wafugaji waliojenga nyumba za kuku zilizo wazi upande mmoja. Mwaka 1912 daktari mmoja, Prince T. Woods, alichapisha kitabu cha kuwaeleza watu nyumba za namna hiyo. Siri yake ni rahisi. Kuta tatu hazina hata ufa mmoja. Ukuta wa nne, ule wa mbele, ni wavu. Nyumba yenyewe ni ndefu kwenda ndani kuliko upana wa mbele, na kuku hulala nyuma kabisa. Upepo ukija mbele haupiti, kwa kuwa hauna pa kutokea. Mpulizie mtu chupa, utaona: pumzi yake humrudia usoni. Ila hewa hubadilishana polepole siku zote, ile yenye joto na unyevu ikitokea juu, na ile safi ikiingia chini yake.

Basi adui wa kuku ni upepo upitao juu ya mwili wake usiku, unaoingia ufa huu na kutoka ufa ule. Hewa tulivu iliyo baridi si adui. Sisi tulivichanganya vitu hivi viwili, na kwa kuogopa cha kwanza tukamnyima kuku cha pili.

Katika jambo moja, lakini, msimwige Woods. Yeye aliuelekeza upande wa wazi kusini, maana katika nchi yake jua la majira ya baridi husimama kusini. Kwetu ni kinyume. Katika Usambara, na vivyo hivyo Kilimanjaro na Upare, jua la adhuhuri la mwezi Juni na Julai husimama kaskazini. Ukiuelekeza uso wa banda kaskazini, jua la miezi ya baridi laingia na kukausha sakafu ya mbele. Na mwezi Desemba, joto likizidi, jua limehamia kusini, paa na ukuta wa nyuma hulizuia. Tena upepo wa kusi, uletao baridi na mvua za masika, utaupiga mgongo wa nyumba badala ya uso wake. Ila milima ina mabonde, na bonde laweza kuugeuza upepo utokako. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza la nguzo, washa majani mabichi mahali pale jioni na tena alfajiri, uangalie moshi waelekea wapi. Tumefanya hivyo siku nne mfululizo, na watu wakatucheka, si neno.

Sasa vipimo. Twasema habari ya kuku 20, maana ndiyo jamaa ambayo nyumba moja yaweza kuilisha bila taabu. Upana wa mbele uwe meta 2, na kwenda ndani meta 2 na nusu. Hivyo kila meta moja ya mraba ina kuku wanne. Mbele paa liwe juu meta 2 na sentimita 10, nyuma meta 1 na sentimita 70, maji yamwagike nyuma, na hewa ya joto ipande kwa kufuata mteremko wa paa mpaka mbele itoke. Ukingo wa paa utokeze mbele kama sentimita 50, mvua isipige ndani. Upande wa mbele, jengeni ukuta wa sentimita 40 tu kutoka chini. Juu yake pawe wavu mpaka kwenye paa.

Wavu huu msiununue bila kufikiri. Ule mwepesi wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, wala haumzuii kicheche asiingie, na panya hupita kama mlangoni pake. Wenye matundu ya nusu inchi ndio ufaao. Asiyeweza kuununua achane mianzi, aisimamishe wima, nafasi kati ya mwanzi na mwanzi isizidi unene wa kidole. Tumeona banda la namna hii limekaa miaka mingi bila kuibiwa hata kifaranga. Kuhusu wevi wa miguu miwili, komeo na kufuli hufanya kazi ile ile katika mlango wa fito kama katika mlango wa ubao mzito, na banda likiwa karibu na dirisha la kulala, kuku wenyewe hupiga kelele.

Nyuma, mwekee miti miwili ya kulalia, kutoka ukuta hata ukuta. Kuku mmoja ataka shibiri moja ya nafasi, kama sentimita 20, basi mti mmoja wachukua kuku kumi. Iwe minene kama mpini wa jembe au kupita kidogo, isiwe na magamba. Wa kwanza uwe mbali na ukuta sentimita 30, wa pili mbali na wa kwanza sentimita 35, na yote miwili kimo kimoja, sentimita 75 kutoka chini. Ukiiweka kama ngazi, kila jioni patakuwa ugomvi, maana kila kuku ataka kulala juu ya mwenzake. Vile vile fanya kidirisha kidogo katika ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vyao, chenye ubao wa kukifunga. Hicho hufunguliwa katika joto la Januari na Februari tu. Wakati wa baridi kikifunguliwa, chupa yetu imetobolewa.

Tumefika kwenye usafi, na hapa tuna neno ambalo tungependa likae mioyoni mwa wajengaji wote: banda lisiloingilika halifagiliwi. Banda letu la kwanza lilimtaka mtu atambae. Basi nani aliyetambaa? Mtoto wetu mdogo kuliko wote, mara moja kwa miezi miwili, akitoka amejaa vumbi na kukohoa. Tulikuwa twamtuma mtoto avute hewa ambayo sisi hatukutaka kuivuta. Kwa hiyo mlango na uwe wa mtu mzima kusimama, upana sentimita 70, apite na kapu lake la taka, nao ufunguke kwa nje.

Chini ya ile miti miwili, kama shibiri moja chini yake, wekeni ubao mpana wa kupokea kinyesi cha usiku, upana wake sentimita 90. Ubao huu usipigiliwe misumari. Ukae juu ya vigingi, uvutike. Asubuhi mtu akiingia na kipande cha bati au jembe dogo, hukwangua kinyesi chote katika kapu kabla maji ya chai hayajachemka. Tangu tuupate ubao huu, sakafu yetu haitaki kufagiliwa ila mara moja kwa juma, kwa kuwa uchafu mwingi haufiki chini.

Kwa nini kila asubuhi? Sababu ipo, wala si unadhifu tu. Ugonjwa wa kuhara damu, uuao vifaranga wengi, huenezwa na vijiyai vidogo visivyoonekana kwa macho, vitokavyo pamoja na kinyesi cha kuku mwenye ugonjwa. Vikitoka havina nguvu bado ya kumdhuru kuku mwingine. Vyahitaji kwanza joto, hewa na unyevu, kwa muda wa siku moja au mbili hivi, ndipo viive. Mtu aondoaye kinyesi kila siku huviondoa kabla havijaiva. Na mwenye sakafu kavu huvinyima kitu kimoja cha lazima. Mwenye kufagia mara moja kwa mwezi, hata akifagia kwa bidii namna gani, amechelewa.

Sakafu iinuliwe juu ya ardhi ya nje kama shibiri moja, maji ya masika yasiingie, na iwe na mteremko mdogo kutoka nyuma mpaka mlangoni. Saruji ni bora, lakini udongo wa kichuguu uliopondwa na kusiribwa hufaa ukitengenezwa upya kila mwaka. Juu yake mwageni maranda ya mbao au maganda ya mpunga au ya kahawa, unene wa vidole vinne. Mkitaka kujua kama yafaa bado, shikeni konzi moja mkaminye: yakishikamana kama ugali, yamelowa, yatolewe, yakiachana polepole mkono ufunguliwapo, ni mema.

Hapa twataka kusahihisha desturi moja, nasi tuliifuata pia. Wengi humwaga majivu juu ya kinyesi kibichi wakidhani yatakula harufu. Kumbe majivu, kama chokaa, huifukuza amonia itoke katika kinyesi kwa wingi zaidi, na usiku ule hewa huwa mbaya kuliko jana. Majivu yana mahali pake: yatieni pamoja na mchanga mkavu katika kisanduku, kuku waogee mavumbi. Juu ya ubao wa kinyesi nyunyizeni udongo mkavu au unga wa msumeno.

Tena kuna utitiri. Wadudu hawa hawakai juu ya kuku mchana. Hujificha katika nyufa na katika ncha za miti ya kulalia, na usiku hutoka kunyonya damu. Kuku akikataa kuingia bandani jioni, msimpige. Huenda anajua jambo msilolijua. Usiku piteni na kitambaa cheupe chini ya miti. Kikipata madoa mekundu, ndio hao. Kwa sababu hiyo miti isipigiliwe misumari, ikae katika mapengo, iweze kutolewa, kumwagiwa maji yachemkayo na kuanikwa juani. Na viota vya kutagia vitundikwe kwa ndoana, kimoja kwa kuku wanne au watano, vitolewe vivyo hivyo. Kuta zisiribwe hata pasiwe na ufa, kisha zipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Apakaye aangalie macho yake, maana chokaa huunguza.

Ndugu zetu wa Tanga na wa Dar es Salaam wasiifuate nyumba hii kama ilivyo. Huko pwani joto ndilo liuwalo, na banda na liwe na ukuta wa sentimita 40 tu pande zote nne, juu yake wavu mtupu, upepo upite. Nao wenye vifaranga, pwani na milimani, wakumbuke kwamba kifaranga aliyetoka katika yai hana manyoya ya kumlinda. Ataka joto la digrii 32 na zaidi katika siku zake za kwanza, nalo hulipata chini ya mbawa za mama yake, katika tenga lililowekwa pembeni penye utulivu.

Wala mtu asidhani kwamba hewa njema huzuia kideri. Kideri huua kuku katika nyumba safi kama katika nyumba chafu, na dawa yake ni chanjo tu. Iko chanjo ya matone ya jicho iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwalimu wa mtaa aweza kuwakusanya watu siku moja, chupa moja ikatosha nyumba nyingi.

Nyumba ikiisha, ijaribuni kabla ya kuwaingiza kuku. Fungeni unyoya mmoja laini kwa uzi, mwutundike juu ya mti wa kulalia, usiku wenye upepo. Fungeni wa pili mbele, karibu na paa. Ule wa mbele na ucheze. Ule wa nyuma ukitulia, nyumba ni njema. Ukicheza nao, tafuteni ufa, mwuzibe. Kisha siku ya kuwahamisha, msiwafukuze mchana, watarudi walikozoea na kulala juu ya miti ya kahawa. Wachukueni usiku, mmoja mmoja, mkawaweke juu ya miti yao mipya gizani, na asubuhi msiwafungulie mpaka jua liwe juu. Kwetu ilitupasa kufanya hivyo usiku wa tatu mfululizo, na kuku mmoja mweusi, mzee, usiku wa tano.